Kuli Aliyeshika Kamera

Mwaka 1963 Ousmane Sembène alitoa filamu ya dakika 20 hivi kuhusu mwendesha mkokoteni wa farasi jijini Dakar. Inaitwa Borom Sarret, na tangu mwanzo hadi mwisho ni hesabu ya siku moja ya kazi. Abiria wa asubuhi wanapanda kwa mazoea na kushuka kwa kupeana mkono, hawatoi kitu. Mwanamke mjamzito anapelekwa hospitali. Baba mmoja amebeba maiti ya mtoto wake mchanga. Wakifika makaburini anaambiwa karatasi zake hazijakamilika, na mwendesha mkokoteni anamwacha pale pale na maiti yake, kwa sababu siku inakwenda na riziki haijapatikana. Anatokea msifu mwenye sauti nzuri, anawaimba mababu wa mwendesha mkokoteni, na vijisenti vya siku vinaishia kiganjani mwa huyo msifu. Halafu bwana mmoja aliyevaa suti anamshawishi ampeleke Plateau, mtaa wa Wazungu wa zamani na wakubwa wapya, ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Polisi anamsimamisha. Nishani yake inaanguka, buti la polisi linaikanyaga. Bwana wa suti ameshatoweka, mkokoteni umekamatwa, na mwenyewe anarudi nyumbani na farasi mtupu. Mkewe anampa mtoto amshike, anatoka, na kusema kwamba leo watakula.

Kamera ya Sembène haimtafuti mtoto mwenye nzi usoni. Haijisumbui hata kutuonyesha kwa kirefu kwamba nyumba ya mtu huyu ni duni. Inachofuata ni safari moja baada ya nyingine: nani amebebwa, nani amelipa, nani amekwepa, na sheria imemwangukia nani. Hoja yangu ni kwamba hilo ndilo linalomtenga Sembène na wengi waliopeleka kamera kwa maskini kabla yake na baada yake. Umaskini hauna sura. Kinachopigwa picha kwa urahisi ni matambara, mabati yenye kutu na macho ya mtoto, ambavyo ni matokeo tu. Mambo yanayoleta matokeo hayo ni malipo, foleni, karatasi na bei, na haya hayapendezi kwenye picha mpaka apatikane mtu anayejua uzito wake. Tena jicho hilo la mahesabu haliwezi kuishia kwenye hadithi. Likishawashwa linarudi kuiangalia filamu yenyewe: nani aliilipia, nani alipata muda wa kuitengeneza, na nani aliweza kuitazama.

Jicho hilo Sembène alilipata kazini. Alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegali, mwaka 1923, katika familia ya wavuvi. Shule aliachana nayo akiwa bado kijana mdogo, akafanya uashi na ufundi, akaingizwa katika jeshi la Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akavuka bahari. Alifanya kazi katika kiwanda cha Citroën, na baadaye akawa kuli katika bandari ya Marseille, ambako alijiunga na chama cha wafanyakazi cha CGT. Mwaka 1951 aliumia vibaya mgongo akipakua mizigo. Kuugua kulimpa kitu ambacho kuli hana, yaani muda, na maktaba ya chama ikampa vitabu. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956. Wasimulizi wa maisha ya wasanii hupenda kukaa kwenye kipaji, na kipaji kweli alikuwa nacho. Lakini swali gumu zaidi ni kwamba saa za kuandika alizitoa wapi. Mtu anayebeba magunia tangu alfajiri haandiki riwaya usiku, analala. Ilibidi mgongo uumie, na wakati huohuo pawepo chombo cha wafanyakazi wenyewe chenye vitabu na desturi ya kutomtupa mwenzao. Makuli wangapi wa Marseille walikuwa na hadithi nzuri na migongo mizima, hakuna atakayejua.

Hapa msomaji ana haki ya kunikatiza. Je, ina maana filamu ya maskini itengenezwe na maskini peke yake? Mbona Satyajit Ray, kijana wa ukoo wa wasomi na waandishi mashuhuri wa Calcutta, alitengeneza Pather Panchali, filamu ambayo wengi wetu tungeitaja miongoni mwa zilizokitazama kijiji fukara kwa heshima kuu? Nakubali pingamizi hilo bila kinyongo. Kuzaliwa fukara hakumpi mtu jicho, na mabandari yote ya dunia yangekuwa yamezalisha akina Sembène kama ingekuwa hivyo. Ila itazame filamu ya Ray kwa mahesabu yaleyale. Alikuwa ameajiriwa katika kampuni ya matangazo ya biashara, na alirekodi siku ambazo hakuwa kazini. Pesa zilipokwisha aliikopea bima yake ya maisha, na vito vya mkewe vikawekwa rehani. Kazi ilisimama, ikaanza, ikasimama tena, hadi serikali ya jimbo la Bengali Magharibi ilipoingilia kati, na fedha zake zikaandikwa vitabuni kama za kuboresha barabara. Filamu ilikamilika mwaka 1955, baada ya takriban miaka mitatu. Utulivu wa ajabu tunaousifu humo, ule wa kamera kumsubiri mtoto avuke shamba la nyasi ndefu mpaka aione treni, ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ilibebwa na mshahara, dhahabu ya mke na kifungu cha barabara. Asiyekuwa na chochote kati ya hivyo hakosi jicho. Anakosa ile miaka mitatu.

Kazi ya Sembène ambamo mahesabu yamekomaa zaidi ni Mandabi, ya mwaka 1968. Ibrahima Dieng, mtu mzima wa Dakar mwenye wake wawili na watoto saba, asiye na kazi ila mwenye majivuno ya kutosha, anapata hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara za Paris. Barua inazigawa fedha waziwazi: 20,000 Dieng amhifadhie mpwa, 3,000 ampelekee mama wa kijana, 2,000 ziwe zake mwenyewe. Kwa hiyo tangu mwanzo mtazamaji anajua kile ambacho mtaa mzima haujui, kwamba tajiri huyu mpya ana 2,000 tu. Wakeze wamekwisha kukopa mchele dukani kwa dhamana ya karatasi. Majirani wanapiga hodi, kila mmoja na shida yake. Posta wanataka kitambulisho. Polisi, ili watoe kitambulisho, wanataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Manispaa, ili watoe cheti, wanataka tarehe, naye anajua tu kwamba alizaliwa mwaka 1900 hivi. Mpiga picha anachukua pesa na picha haitoki, wanaishia kupigana. Mwishoni anajitokeza ndugu msomi mwenye gari na tai, aina ya mtu ambaye Dar es Salaam tungemwita kishoka kama angekuwa amevaa ndala. Dieng anamwandikia hati ya uwakilishi, pesa zinachukuliwa, na anarudi mtaani na gunia la mchele pamoja na hadithi ya kwamba fedha zimeibwa njiani.

Kabla ya ndugu huyo hakuna jambazi katika filamu hii, na ndiyo maana inauma. Kila karani anafuata taratibu. Kila mkopeshaji ana haki ya kudai chake. Hata kabla hawala haijatolewa, kila kituo anachopita Dieng kinamla kidogo, kwa risiti. Mtu yeyote wa kwetu aliyewahi kufuatilia mirathi, hati ya kiwanja au mafao ya mzee aliyestaafu atamtambua Dieng, hasa pale anaposimama mbele ya dirisha dogo akijaribu kuwa mpole na mwenye hadhi kwa wakati mmoja. Niseme pia kilichonichosha. Dakika za mwisho, Dieng anaapa kwamba na yeye sasa atakuwa mwizi kama wengine, na mtu wa posta anamjibu kwamba hali hii wataibadilisha. Maneno hayo ni ya mwanachama, na yanasikika hivyo. Mke wa mwendesha mkokoteni, anayetoka bila kueleza anakokwenda, alikuwa ameshasema zaidi miaka 5 kabla.

Sasa tugeuzie filamu yenyewe mahesabu yake. Sembène alihama kutoka riwaya kwenda sinema akiwa na karibu miaka 40, akaenda kusomea Moscow katika studio ya Gorky, kwa sababu aliporudi Afrika aligundua kwamba watu aliowaandika hawasomi Kifaransa. Sinema aliiita shule ya usiku. Lakini shule hiyo ilikuwa na mwenye nyumba. Amri ya mwaka 1934 iliyopewa jina la waziri Laval ilikuwa imewafungia Waafrika wa makoloni ya Ufaransa nafasi ya kurekodi filamu bila kibali, na baada ya uhuru kibali kikawa pesa: Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa ilifungua ofisi ya sinema iliyolipia filamu za Waafrika na kununua haki zake. Ofisi hiyo iliukataa mswada wa La Noire de..., hadithi ya Diouana, msichana wa Dakar anayechukuliwa kulea watoto huko Antibes na kugeuzwa mpishi, dobi na mfungwa wa jikoni mpaka anajiua. Sembène aliitengeneza hata hivyo, ikatoka mwaka 1966. Mhusika mkuu aliigizwa na mshonaji nguo wa Dakar, Mbissine Thérèse Diop, lakini mawazo ya Diouana tunayoyasikia yamo katika Kifaransa na yamesemwa na mwanamke mwingine, mwimbaji Toto Bissainthe wa Haiti. Filamu inayomlilia mwanamke aliyenyang'anywa sauti ilibidi itoke bila sauti ya mwanamke aliyeiigiza. Hilo si kosa la mwongozaji tu; hivyo ndivyo ilivyokuwa kufanya kazi kwa fedha na mitambo ya wengine. Na mtazamaji wa Mombasa au Unguja mwenye ndugu aliyekwenda Oman au Saudia kufanya kazi za ndani, pasipoti ikiwa kabatini kwa mwajiri, hahitaji kuelezwa kwa nini Diouana hasemi.

Mandabi nayo ilipata mkopo wa kituo cha taifa cha sinema cha Ufaransa, kwa sharti la Kifaransa. Sembène alirekodi mara mbili, toleo moja la Kifaransa na jingine la Kiwolofu, na hilo la pili ndilo linalotajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza katika lugha ya Kiafrika. Wapo waliosema, na bado wapo, kwamba huo ni unafiki: unamtukana mkoloni kwa pesa zake. Mimi sioni unafiki. Pesa za Paris zilitokana kwa sehemu na jasho la bandari kama ile ya Marseille, na aliyewahi kubeba magunia huko halazimiki kuona haya akizidai. Ila pingamizi hilo lina kiini cha kweli ambacho watetezi wake hukiruka. Anayelipa hata asipogusa mswada huchagua nani atausikia. Gharama ya kurudia kila tukio kwa lugha mbili ilikuwa kodi aliyolipa msanii ili mama muuza samaki wa Dakar aweze kucheka. Mwongozaji wa Paris hakulipa kodi hiyo kwa mama muuza samaki wa Marseille.

Huku kwetu kodi hiyo ililipwa na watu wa mtaani, bila kituo chochote cha taifa. Katika vibanda umiza vya Tanzania, yaani vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, sauti ya Lufufu ilikuwa ikiwafasiria watazamaji filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiwapa wahusika wa Hong Kong na Hollywood majina na matusi ya kwetu. Kenya wanaye DJ Afro. Wasomi waliwacheka. Lakini wenye vibanda walikuwa wameelewa jambo ambalo Sembène alilifikia baada ya riwaya kadhaa, kwamba hadithi isiyosikika haijafika. Humohumo ndimo linamotoka pingamizi zito kuliko yote. Mtazamaji wa kibanda umiza, akiachiwa achague, hachagui filamu ya mkokoteni. Anachagua ngumi, mapenzi ya Kihindi, au sinema ya Bongo iliyorekodiwa katika jumba la kukodi lenye ngazi za marumaru. Nani basi anayehitaji filamu za ukosefu wa usawa, kama wanaoubeba wanazikimbia? Nadhani wanachokimbia ni kuelezwa habari zao kwa sauti ya msiba. Mtu aliyeshinda juani hana sababu ya kulipa kiingilio ili aambiwe kwamba jua ni kali. Mandabi haikumwambia hivyo. Ilimpa kichekesho chenye mzee mwenye kanzu pana anayezungushwa na makarani, na kicheko kile kina hasira ndani yake. Hata lile jumba la sinema ya Bongo, ukilitazama vizuri, ni la kukodi kwa siku chache, na haraka ya waigizaji kumaliza kazi kabla mwenye nyumba hajarudi inaonekana kwenye kila kiti. Filamu hizo zinasema mengi kuhusu tabaka. Waliozitengeneza hawakuwa na muda wa kuyasema vizuri.

Kuna watakaosema mambo haya yote yamepitwa na wakati: siku hizi simu ni kamera, na kijana wa Tandale anaweza kurekodi bila kuomba ruhusa ya waziri wala wizara. Ni kweli kwamba mlango mmoja umefunguka. Lakini Tangerine ya Sean Baker, filamu ya mwaka 2015 inayotajwa kila mara kwa kurekodiwa kwa simu, iligharimu takriban dola 100,000. Simu ilikuwa sehemu ndogo ya bili hiyo. Watu hula, hupanda gari, huhitaji saa za kuhariri. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Charles Burnett. Miaka ya 1970, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Los Angeles, alitengeneza Killer of Sheep kuhusu mfanyakazi wa machinjio katika mtaa wa Watts, akirekodi mwishoni mwa juma na majirani, kwa dola zisizofika 10,000. Aliweka humo nyimbo ambazo watu wa mtaa ule walikuwa wakizisikiliza. Kwa kuwa haki za nyimbo hizo hazikuwa zimelipiwa, filamu haikuingia katika kumbi za biashara hadi mwaka 2007, na kuzilipia kuligharimu karibu dola 150,000. Kutengeneza kulikuwa nafuu. Kuruhusiwa kuonekana kuligharimu mara 15, na karibu miaka 30. Kijana wetu wa Tandale ana simu, sawa. Hana bando la kupandisha faili zito, hana wakili wa kusoma mkataba wa jukwaa la mtandaoni, na hana miezi 6 ambayo nyumbani watakula bila yeye kutoka.

Lipo jambo moja ambalo waongozaji wenyewe hawalipendi, nalo ni kwamba mwongozaji pia ni mwajiri. Mwaka 2009 Slumdog Millionaire ilizoa Oscar 8. Iligharimu takriban dola milioni 15 na kuingiza zaidi ya milioni 370. Baadhi ya watoto walioigiza walitoka kweli katika vibanda vya Mumbai, na Mei mwaka uleule mamlaka ya jiji ilibomoa kibanda cha familia ya mmoja wao. Watengenezaji walikuwa wameanzisha mfuko wa kuwasomesha na kuwatafutia makazi watoto hao, na si haki kulinyamazia hilo. Hata hivyo mfuko ni sadaka yenye utaratibu, na anayepokea sadaka hana dai. Kama sura ya mtaa fulani ndiyo bidhaa, basi wenye sura hiyo wamechangia mtaji, na mchango wa mtaji huandikwa kwenye mkataba kama asilimia. Sielewi kwa nini hoja hii ionekane ya ajabu katika sinema wakati hakuna mwanamuziki wa leo anayekubali kulipwa mrabaha kwa njia ya ada ya shule.

Kwa hiyo maombi yangu yanawahusu wanaoandika bajeti na wanaozipitisha: wasimamizi wa mifuko ya sanaa, mabalozi wenye vifungu vya utamaduni, na waongozaji vijana wa Dar, Nairobi na Zanzibar wanaojaza fomu zao usiku huu. Filamu ikihusu Manzese au Mathare, mstari wa kwanza uwe posho ya miezi ya kuandika kwa mtu asiye na mshahara mahali pengine. Mkataba wa waigizaji wa mtaani uwe na fungu la mapato, hata likiwa dogo. Na kabla ya nauli ya kwenda kwenye tamasha la filamu la Toronto, pawepo fedha za projekta, jenereta na shuka jeupe ili ionyeshwe kwanza palepale iliporekodiwa. Sembène alifanya hivyo: alisafiri na filamu zake hadi vijijini, akazionyesha, kisha akakaa kujibizana na watazamaji. Xala, kejeli yake ya mwaka 1975 dhidi ya matajiri wapya, ilipokatwakatwa na wakaguzi wa serikali, alichapisha vipeperushi vinavyoeleza vipande vilivyoondolewa na kuwagawia watu. Gharama yake ilikuwa karatasi na wino.